Kola Kumi na Mbili

Muaither, Jumamosi, 2 Oktoba 2004

Mama mdogo Khadija, shikamoo.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Nakuomba uketi kwanza. Nimemdanganya Baba.

Unajua kwamba Baba huniletea karatasi za kampuni ya mabasi anayoifanyia udereva nimsomee, kwa sababu zimeandikwa Kiingereza na Kiingereza chake kinaishia kwenye majina ya vipuri. Siku kumi zilizopita alileta moja yenye muhuri wa kiwanda chenu. Niliisoma kimya kimya, mara mbili. Inasema basi la kuwabeba ninyi mafundi halitahitajika baada ya tarehe 31 Desemba, kwa kuwa kiwanda kinafungwa. Sababu imeandikwa pia: kuanzia Januari wanunuzi wa ng'ambo wataruhusiwa kununua mashati nchi yoyote bila kikomo, na mashati ya Doha hayataweza kushindana kwa bei. Baba akaniuliza, "Wanasemaje?" Nikamjibu kwamba wanawakumbusha madereva wakague upepo wa matairi.

Basi akatoka, akakagua matairi ya lile basi moja baada ya jingine, hata la akiba. Nilimtazama kutoka dirishani na uso ukanichoma.

Sikuweza kutamka, Mama mdogo. Niliona kama nikitamka ndipo itakuwa kweli, na wewe utapandishwa ndege. Tunaishi mji mmoja lakini nakuona sikukuu hadi sikukuu, kwa sababu bweni lenu linawaachia Ijumaa alasiri tu kwa saa tatu. Hata hivyo, wewe ndiye mtu ninayeongea naye bila kwanza kuandika sentensi kichwani.

Sasa habari njema. Karibu na shule yetu lipo duka linaloshona sare, na dirishani wamebandika tangazo: anatakiwa fundi wa kike. Umeshona kiwandani miaka tisa, minne Tanga na mitano hapa. Nani atakushinda?

Barua hii anakuletea Baba mwenyewe kwenye basi, naye hajui yaliyomo ndani. Nimeona haya hata kuifunga bahasha.

Mwanao,
Mwanahawa

*

Sanaiya, Bweni la Wanawake, 5 Oktoba 2004

Mwanangu Mwanahawa, marahaba.

Nimeketi kama ulivyoniomba, juu ya ndoo, maana viti vya bweni hili ni vya matroni.

Habari uliyonipa pua yangu ilishainusa. Kontena la vitambaa halijaingia tangu Agosti, na supavaiza wetu ameanza kusema "tafadhali". Miaka mitano hajawahi. Nasimiyu, yule Mkenya wa Bungoma anayekaa kushoto kwangu, akaninong'oneza, "Huyu mtu akikuambia tafadhali, anza kufunga sanduku." Proscovia wa Masaka, anayekaa kulia, alicheka mpaka tukaandikwa majina sote watatu kwa kuongea kazini.

Nina mkosi wangu na viwanda. Kile cha Tanga nacho kilifungwa nikiwa ndani. Nikitaka kumkomoa mtu tajiri nitamwambia afungue kiwanda aniajiri.

Lakini sitaki kurudi, mwanangu. Tanga hakuna kiwanda kinachoningoja, na nimekwishazoea kula jasho langu bila kumnyooshea mtu mkono. Nikipata kafili mwingine, yaani mdhamini wa kuniajiri, kabla ya mwezi wa kumi na mbili kwisha, kiwanda kitaniachia. Nisipopata, ni ndege.

Mwambie baba yako leo hii. Shemeji yangu ni mtu mwema, hastahili kuhangaishwa na matairi.

Kuhusu lile duka, tutaongea.

Mama yako mdogo,
Khadija

*

Muaither, 9 Oktoba 2004

Mama mdogo, shikamoo.

Nimemwambia. Nilisimama mbele yake akiwa anakunywa chai, nikasema yote kwa pumzi moja. Akaweka kikombe chini, akauliza, "Kwa hiyo matairi yalikuwa hayana neno?" Kumbe msimamizi wao alishamweleza habari ya kufungwa siku ile ile! Alikuwa ananingoja aone nitavumilia siku ngapi. Alisema, "Nilikupa siku tano. Umenishinda." Yeye atahamishiwa basi la wanafunzi, kwa hiyo usimhofie.

Hukusema lolote kuhusu duka. Nadhani ni unyenyekevu, kwa hiyo nimekusaidia. Nimenakili tangazo lote: "Fundi wa kike, ajue kushona sare ya shule mwanzo hadi mwisho. Majaribio Ijumaa, 26 Novemba, baada ya Alasiri." Kisha nikaandika karatasi kwa Kiarabu cha shuleni kwamba nina mama mdogo, fundi wa miaka tisa, anayeshona kila kitu, na kwamba atakuja siku hiyo. Sikuthubutu kuingia. Niliisukuma chini ya mlango nikakimbia hadi kituo cha mafuta.

Mama anakutumia kitambaa hiki cha kijani. Anataka umshonee gauni la Idi. Anasema ni aibu kuwa na mdogo fundi na hajawahi kuvaa hata nguo moja ya mkono wake.

Mwanao,
Mwanahawa

*

Sanaiya, 17 Oktoba 2004

Mwanangu, Ramadhani njema.

Ufungue mfuko huu chumbani kwako, mlango ukiwa umefungwa.

Umeona? Ni kola. Zihesabu, ziko kumi na mbili. Hilo ndilo gauni la mama yako.

Ngoja nikueleze. Ijumaa nilimwomba matroni cherehani yake, nikatandaza kitambaa sakafuni. Nikajiambia, Khadija, anza na unachokijua, mengine yatafuata. Nikakata kola moja nikaishona. Ilitoka safi, ncha zote mbili sawasawa. Sasa kiwandani kwetu kazi huja kwa mabunda, kila bunda vipande kumi na viwili, na bunda likishafunguliwa halilali wazi: hakuna kunyanyuka kitini mpaka liishe. Mkono wangu haujui kushona kola moja. Nilipokuja kuinua kichwa, kitambaa kimekwisha, kola nimezifunga kwa uzi, na juu yake nimekwishaandika namba yangu ya kazi.

Sikuwahi kumwambia mtu wa nyumbani, mwanangu. Mimi sijui kushona nguo. Miaka tisa nimeshona kola. Tanga walinikalisha kwenye kola siku ya kwanza kwa sababu vidole vyangu ni vyembamba, na hapa waliponiuliza nilikuwa nafanya nini, nikasema kola, wakanionyesha kiti. Kuna watu huko duniani wanavaa kola zangu na mimi sijui shati lenyewe linaanzia wapi. Nikienda likizo, majirani wa bibi yako wananiletea magauni niwarekebishie, nami nasema daktari wa macho kanikataza.

Nawe umeniandikia kwa mwenye duka kwamba nashona kila kitu!

Usilie. Nakujua. Mwombe mama yako radhi, mwambie kitambaa kimepata ajali.

Khadija

*

Muaither, 20 Oktoba 2004

Mama mdogo, shikamoo.

Nililia kidogo, halafu Mama akaingia. Sikuwa nimefunga mlango vizuri. Alinikuta nimezipanga kola kitandani kwa mistari. Akazishika moja moja, akauliza ni nini, na mimi siwezi kumdanganya mzazi wa pili katika mwezi mmoja. Nikampa barua yako akaisoma.

Akasema, "Mdogo wangu kanishonea shingo kumi na mbili. Vichwa kumi na kimoja nitavipata wapi?" Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Baadaye akatulia, akasema hakuna mtu angeweza kulala na siri kama hiyo miaka tisa isipokuwa wewe, na kwamba nikuambie hana kinyongo. Gauni la Idi atanunua tayari.

Samahani kwa ile karatasi. Niliandika nisichokijua. Lakini siku ya majaribio bado iko mbali, nami nimefanya jambo.

Nimefumua blauzi yangu ya shule. Nilichukua wembe nikakata uzi mshono baada ya mshono, taratibu, mpaka ikawa vipande vitupu. Kila kipande nimekichora kwenye gazeti nikakipa namba. Nimegundua kwamba kilichofumuka kwanza ndicho kilichoshonwa mwisho, kwa hiyo orodha yangu isome kutoka chini kwenda juu. Mifuko inashonwa mapema, nguo ikiwa bado tambarare. Mabega yanafuata. Kola yako inakuja baada ya mabega, si mwanzo! Kisha mikono, kisha ubavu, pindo, na vifungo mwisho kabisa.

Michoro yote imo kwenye mfuko huu pamoja na vipande vya blauzi yenyewe. Mama amekutumia pia shuka mbili kuukuu za kujifunzia.

Shuleni naenda na sweta juu ya fulana. Mwalimu aliniuliza kama naumwa, kwa joto hili. Nilisema ndiyo.

Mwanao,
Mwanahawa

NB: Nani hushona mikono hapo kiwandani? Huyo unaweza kumuuliza.

*

Sanaiya, 31 Oktoba 2004

Mwanangu, marahaba.

Shuka za mama yako zimekwisha. Zimekuwa blauzi tano, na hakuna hata moja ambayo ningeweza kumvalisha mtu ninayempenda.

Mikono hushona Proscovia. Nilimwomba anionyeshe, tukakaa kwenye korido kabla ya futari. Akachukua mkono, akaugeuza, akautazama kama anauona kwa mara ya kwanza. "Banange, Hadija," akashangaa kwa Kiganda chake, "mimi nimeshona mikono ya watu miaka sita, sijui inaelekea kwa mwili upande gani." Akaushona. Kiwiko kikatazama mbele. Tukacheka hata matroni akatoka, akafikiri tumekula mchana.

Nasimiyu naye alikuja kutazama kelele. Yeye ni wa mifuko na matundu ya vifungo. Akatucheka sana: "Nyinyi ni mafundi wa wapi? Kwani mlisomea kwa simu?" Nikampa kipande cha mbele aweke mfuko. Akauweka kwa haraka, mishono imenyooka, mfuko mzuri kabisa, mdomo wake ukiangalia chini. Kiwandani kipande humfikia kikiwa kimelazwa kwa upande wake. Hajawahi kujiuliza juu ni wapi. Akauangalia, akasema, "Hii ni ya kuweka pesa za mtu mwenye hana pesa."

Kwa hiyo tumekuwa wanafunzi watatu wa michoro yako. Blauzi ya sita tumeishona kwa kitambaa nilichonunua sokoni Ijumaa, na ile, mwanangu, mtu anaweza kuvaa. Ninayo hapa. Lakini peke yangu blauzi moja hunichukua saa tano, nami namaliza nimelowa jasho.

Miaka mitano nimekaa kati ya wanawake hawa wawili, viwiko vinagusana, na nilikuwa sijui kwamba Proscovia ana mapacha, wala kwamba Nasimiyu aliwahi kufundisha chekechea. Kwenye laini hakuna kuongea. Sasa tunaongea kama kasuku.

Leo meneja ametutangazia rasmi. Kiwanda kinafungwa tarehe uliyosoma wewe. Wenye kafili mwingine walete barua, wengine wajiandae.

Na jambo la mwisho. Sijawaambia juu ya duka. Wanadhani najifunza kwa furaha tu. Wananipa kila wanachokijua, na nafasi ni moja.

Khadija

*

Muaither, 3 Novemba 2004

Mama mdogo, shikamoo.

Nimefikiri sana kuhusu jambo la mwisho. Nadhani usiwaambie kwanza. Si uongo, ni kunyamaza tu. Tangazo linasema fundi mmoja, na aliyeliona ni mimi, na mimi ni wako. Ukishapata kazi unaweza kuwatafutia na wao.

Jana nilipita dukani tena. Mwenye duka ni mama mmoja anaitwa Umm Jasim, huvaa miwani juu ya paji la uso na kuitafuta huku na huku. Ndani niliona vitambaa vilivyokatwa vimejaa hadi dirishani, na fundi hakuna. Anakihitaji sana kipaji chako.

Tafadhali usiwaambie.

Mwanahawa

*

Sanaiya, 9 Novemba 2004

Mwanangu Mwanahawa,

Barua yako niliisoma mara tatu kwa sababu nilitaka sana kuifuata.

Halafu Proscovia akaja kunionyesha jinsi ya kukunja bega la mkono lisifanye mawimbi. Ameligundua mwenyewe, akakimbia kuniita. Nikashindwa. Nikawaita wote wawili nikawaeleza: duka, tarehe, nafasi moja.

Nasimiyu alinitazama. "Kwa hiyo sisi tumekuwa tukikunolea kisu," akasema, "na kesho unatuacha na mifuko yetu." Hakunisemesha siku mbili. Kitandani kwake alinipa mgongo, na kwenye laini alikuwa akinisukumia mkasi kwa kidole kimoja. Proscovia alisema, "Mimi nilijua kuna kitu. Hakuna mtu anajifunza mikono kwa furaha."

Siku ya tatu Nasimiyu aliniwekea tende mbili kwenye sahani yangu wakati wa futari. Yeye hata hafungi. Akasema, "Tutaenda wote. Atakayechukuliwa achukuliwe kihalali, na wawili watakaobaki wamsindikize bila kununa." Tukapeana mikono.

Kwa hiyo tarehe 26 tunakuja watatu, kwenye basi la baba yako, pamoja na wanaokwenda sokoni. Saa kumi na moja na nusu lazima tupande kurudi, maana saa kumi na mbili matroni anafunga geti.

Sikukemei, mwanangu. Uliandika kwa mapenzi. Lakini mtu anayenifundisha kazi siwezi kumfanyia hivyo, hata nikirudi Tanga kuuza maandazi.

Siku ile utasimama nasi. Kiarabu chetu ni cha "haraka" na "kesho", hakitoshi.

Nitakuona Idi. Unikunjie uso kama umekasirika, kisha tusahau.

Khadija

*

Muaither, Jumamosi, 27 Novemba 2004

Mama mdogo, shikamoo.

Najua ulikuwepo jana, lakini hukuona mwisho wake, na mimi mambo nayaelewa nikishayaandika. Kwa hiyo naanza nilikoanzia mimi, nikiwa nimesimama kwenye kona karibu na pasi.

Umm Jasim aliwatazama watatu mlioingia, akaniuliza, "Nani kati yao ndiye yule wa kwenye karatasi?" Nikakuonyesha kwa kidole. Akampa kila mmoja wenu blauzi iliyokwisha kukatwa, akasema mnashona mwanzo hadi mwisho, naye atakuja kutazama. Wewe ulianza na mifuko kama orodha inavyosema. Niliona midomo yako ikihesabu namba zangu.

Adhana ya Magharibi, ambayo siku hizi ni kabla ya saa kumi na moja, ilipokaribia, akaja. Kola yako aliisogeza kwenye taa, akamwita yule masta wa Kipakistani anayekata vitambaa, akamwambia atazame. Lakini upande wa vifungo ulikuwa bado. Blauzi ya Nasimiyu ilikuwa na mifuko miwili na matundu mazuri, haina mikono. Ya Proscovia ilikuwa na mikono, haina shingo. Umm Jasim akavuta pumzi, akasema maneno ambayo sikuwatafsirieni: "Nilitaka mmoja anayejua yote, nimeletewa watatu wasiojua." Akaniambia asanteni, atatoa jibu baadaye. Akaenda kusali chumba cha nyuma. Nilijua jibu ni lipi.

Mimi na wewe tukasali pale kwenye mkeka, Nasimiyu na Proscovia wakabaki wamekaa. Tulipomaliza ndipo Nasimiyu akasema, "Sasa tuache nguo za watu nusu nusu hivi? Leteni hapa."

Sidhani hata mlifikiri. Nasimiyu alivuta mifuko na vifungo vyote kwake. Wewe ukachukua kola. Proscovia akachukua mikono, na ubavu akaugawana na Nasimiyu. Zile tatu zilikwisha kabla sijajua nitazame wapi. Halafu masta alikuwa amefunga bunda la blauzi tano juu ya meza, wewe ukalifungua, na likishafunguliwa nyinyi hamuwezi kuliacha. Kipande kilikuwa kikiondoka kwa mmoja na mkono wa mwingine umekwisha kukingwa. Masta aliacha kukata akakaa kuwatazama, pini zikiwa mdomoni.

Baba alipopiga honi mlikuwa mmekata uzi wa mwisho wa blauzi ya nane. Mkakimbia. Umm Jasim alikuwa bado nyuma, wageni walikuwa wamemjia. Hakuona chochote.

Sasa nitakuambia nilichofanya.

Nilikuwa na haki ya kwenda nyumbani. Nilikwishashika mlango. Umm Jasim akatoka, akashusha miwani, akaona rundo juu ya meza. Akamuuliza masta, "Nani kashona hizi?" Masta akanyoosha kidole kuonyesha midomo yake na pini, akanitazama mimi.

Nikasema, "Wale watatu."

"Wote watatu?"

"Kila mmoja sehemu yake, bibi. Walishona ulipokuwa ndani."

Akageuza moja, akavuta mshono wa bega, akatazama ndani ya mkono. Akasema, "Nilisema nataka mmoja."

Mama mdogo, sikuwa nimeandika sentensi kichwani. Nikasema, "Ukimchukua mmoja utapata kola tu. Au mifuko tu. Ile karatasi niliandika mimi, na haikuwa kweli. Mama yangu mdogo hajui kushona kila kitu. Anajua kola, na mengine amejifunza mwezi huu kwa michoro yangu, polepole. Lakini wakikaa watatu wanamaliza kabla mtu hajatoka kusali na kuaga wageni." Kiarabu changu kilivunjika sehemu mbili, nikazirudia.

Akaiweka blauzi mezani. Akauliza kwa nini niliandika uongo. Nikamjibu nilidhani ni kweli, na nilipojua si kweli niliogopa kurudi. Masta akatema pini kwenye kiganja akasema, "Bibi, una sare za shule tatu za kukabidhi Januari, na mimi nimechoka kukata nguo zikalala dirishani."

Akacheka yeye kwanza, mimi nikafuata. Akasema atawachukua wote watatu. Masharti yake ni mawili: masta awafundishe kukata, na kila Alhamisi mnabadilishana viti, ili asije akaumwa mtu mmoja blauzi zikakosa mikono. Kisha akasema lazima kiwanda kiombwe kwa barua kiwaachie, na yeye hapendi kuandika.

Nikamwambia mimi napenda.

Nilikaa kwenye meza ya kukatia. Masta akanisogezea vitambaa kando, akanipa kalamu yake ya kuandikia vipimo. Niliandika barua tatu, moja kwa kila jina, Kiarabu juu na Kiingereza chini, nikiomba kiwanda kiwaruhusu kuhamia kwa kafili mpya kuanzia tarehe mosi Januari. Ya Proscovia niliirudia kwa sababu nilikosea kunakili jina la baba yake kutoka kile kikaratasi cha majina mlichoniachia mlipofika. Umm Jasim alizisoma zote, akaniuliza neno moja, akatia sahihi na muhuri. Nikamshukuru, nikafunga mlango vizuri, nikarudi nyumbani kwa miguu. Mama alikuwa ameniwekea wali. Nikala, nikamsimulia Baba yote bila kuruka kitu, nikalala.

Asubuhi hii nimezikunja barua zote tatu nikazitia ndani ya bahasha hii. Mzipeleke kwa meneja kesho kabla ya adhuhuri, nyote watatu kwa pamoja. Baba atawasubiri nje.

Mwanao,
Mwanahawa Haji